Mwongozo kamili wa kuainisha pudu na kuchora ramani ya makazi yake

Ramani za pudu, mnyama mdogo mwenye kwato wa Amerika Kusini, ninazoletewa nizikague huanguka pale pale. Mchoraji anaandika "pudu" kwenye kisanduku cha kutafutia, anapakua nukta zote zenye jina hilo, kisha anavuta mkanda mmoja wa rangi kuanzia Kolombia hadi karibu na ncha ya Chile. Mkanda unapendeza kwa macho, ila unamweka mnyama wa msituni katikati ya jangwa la Atacama, na unaunganisha spishi tatu zenye makazi tofauti kabisa.

Kosa hili huzaliwa kwenye jina, mapema kabisa, kabla hata programu ya ramani haijafunguliwa. Kwa hiyo hatua tatu za kwanza hapa hazina ramani yoyote. Ukiziruka, utazirudia.

Mwongozo ni wa mwanafunzi, mwandishi wa makala za wanyama, au mchangiaji wa ensaiklopidia huria anayetaka kuandika na kuchora bila kuumbuliwa na msomaji wa kwanza anayejua mambo. Wanyama wa familia ya Cervidae (deer kwa Kiingereza) nitawaita ayala kote humu, ili wasichanganywe na kulungu na paa wa kwetu.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yenye QGIS, programu ya kuchora ramani. Programu ni ya bure. Simu itakufaa hadi hatua ya tatu, baada ya hapo haitoshi.
- Akaunti ya GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe hai. Nayo ni bure.
- Programu ya lahajedwali: LibreOffice Calc au Excel.
- Mipaka ya nchi kutoka Natural Earth, toleo la 1:10 milioni. Matoleo yaliyorahisishwa zaidi hupoteza visiwa, na kipo kisiwa ambacho hatuwezi kukikosa.
- Rasta ya mwinuko ya SRTM, yaani picha ya vimraba ambamo kila kimraba kina kimo cha ardhi kilichopimwa kutoka angani. Ya mita 90 inatosha.
- Poligoni (maumbo ya maeneo) za spishi hizi kutoka IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwa kulinganisha tu. Leseni yake hairuhusu uzigawe upya kama kazi yako.
- Makala ya Barrio, Gutiérrez na D'Elía iliyotoka mwaka 2024 katika Journal of Mammalogy. Hii ndiyo iliyobadilisha majina, na asiyeijua ataandika habari zilizopitwa na wakati.
- Faili moja tupu la maandishi la kuandikia kila uamuzi: nukta gani umeitoa, na kwa nini.

Hilo faili la mwisho watu hulidharau. Mkaguzi akikuuliza kwa nini nukta ya Santiago haimo, jibu la "nilidhani" halitakuokoa.

## Hatua ya 1: Amua ni pudu yupi

Kwa miaka mingi vitabu vilitaja spishi mbili, zote katika jenasi Pudu. Leo orodha ya kufanyia kazi ni hii:

1. Pudu puda (Molina, 1782), pudu wa kusini. Chile na Argentina.
2. Pudella mephistophiles (de Winton, 1896), pudu wa kaskazini. Kolombia, Ekuador na kipande kidogo cha kaskazini kabisa mwa Peru. Kielelezo cha kwanza kilitoka Papallacta, mashariki mwa Quito.
3. Pudella carlae, iliyoelezwa mwaka 2024. Peru peke yake. Jina ni kwa heshima ya Carla Gazzolo, mwanabiolojia wa nchi hiyo.

Makala ya 2024 ilifanya mambo mawili kwa mkupuo. Kwanza, ililifufua jina la jenasi Pudella, ambalo Oldfield Thomas alilitoa mwaka 1913 na ambalo wengi walikuwa wameliweka kando. Pili, iliwatenga pudu wa Peru waishio kusini mwa bonde la Huancabamba, ikawapa jina lao. Tofauti za maumbile na za vinasaba ndizo zilizotumika. Waandishi wenyewe walimtaja kuwa ayala hai wa kwanza kuelezwa katika karne ya 21.

Tazama mabano kwenye majina ya waandishi. Katika zoolojia, mabano yana maana: mwandishi wa kwanza aliiweka spishi katika jenasi nyingine. Molina, padre Mjesuiti wa Chile, alimwita mnyama huyu Capra puda, yaani alimtia katika jenasi ya mbuzi. De Winton naye hakumtia wa kaskazini katika Pudella. Wote wawili wanapata mabano. Pudella carlae hana mabano, kwa kuwa alizaliwa humo humo.

Onyo. Orodha za kimataifa hazibadiliki siku moja. CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na Orodha Nyekundu ya IUCN zilimsajili wa kaskazini kama Pudu mephistophiles, na tathmini hizo zilifanywa kabla ya mgawanyo. Ukikuta "Pudu mephistophiles, Peru", bado hujajua ni spishi gani. Inaweza kuwa yeyote kati ya Pudella wawili. Jibu litatoka kwenye jiografia, katika hatua ya 6.

Umefaulu ukiwa na: karatasi moja yenye majina matatu, visawe vyake vya zamani, mwaka, na nchi. Ibandike mbele yako.

## Hatua ya 2: Mweke kwenye ngazi yake

Kutoka juu kwenda chini: ngeli Mammalia, oda Artiodactyla, familia Cervidae, nusufamilia Capreolinae, kisha jenasi na spishi. Capreolinae ndiko aliko pia rendia wa nchi za baridi na ayala mkia-mweupe wa Amerika.

Kwa nini ngazi hii itucheleweshe? Kwa sababu msomaji wa Afrika Mashariki akiona picha ya pudu anamfikiria dikidiki, na hana kosa: kimo ni kile kile, miguu myembamba, mgongo wa mviringo, na wote hupenda kujificha vichakani. Lakini dikidiki ni Bovidae, ukoo mmoja na ng'ombe na mbuzi.

Tofauti iko kwenye pembe. Pembe ya dikidiki ina kiini cha mfupa kilichovikwa ala ngumu, nayo hubaki kichwani maisha yote. Pembe ya pudu ni mfupa mtupu. Huota upya kila mwaka chini ya ngozi laini yenye manyoya, ngozi hukauka na kuchunika, na baada ya msimu pembe hudondoka. Ni dume tu mwenye pembe, nazo hazina matawi: ni vijiti viwili vifupi, vya sentimita 7 hadi 9 hivi kwa wa kusini, na vifupi zaidi kwa wa kaskazini. Kwa hiyo picha ya pudu asiye na pembe inaweza kuwa ya jike, ya mtoto, au ya dume aliyezidondosha. Usiandike "jike" kwa kuangalia kichwa pekee.

Onyo. Sentensi ya "pudu ndiye mnyama mdogo kuliko wote wenye kwato" imenakiliwa kila mahali, na si kweli. Wapo wanyama wa familia nyingine, Tragulidae wa Asia, walio wadogo zaidi. Andika kwamba pudu ndio ayala wadogo kuliko wote duniani. Pudella mephistophiles ana kimo cha begani cha sentimita 32 hadi 35, na uzito wa kilo 3 hadi 6. Pudu puda ana sentimita 35 hadi 45, na kilo 7 hadi 13.

## Hatua ya 3: Wajue wanaofanana naye

Kama kumbukumbu ina picha, ifungue. Usiamini lebo. Kuna ayala watatu wa kuwaangalia.

Mazama rufina, anayeishi milima ya Kolombia, Ekuador na kaskazini mwa Peru. Huyu ndiye msumbufu mkubwa, kwa kuwa ana rangi ya kutu na uso mweusi, na pudu wa kaskazini naye ana mwili wa kahawia-nyekundu na uso mweusi. Uso mweusi peke yake si ushahidi. Angalia ukubwa ukilinganisha na majani au nguzo iliyo karibu, na angalia masikio: ya pudu ni mafupi na ya mviringo, ya Mazama ni marefu zaidi.

Mazama chunyi, aliyeelezwa na Hershkovitz mwaka 1959, anapatikana Bolivia na kusini mwa Peru. Ukiona "pudu" kutoka Bolivia, shuku huyu kwanza.

Huemul (Hippocamelus bisulcus) wa Chile na Argentina ni mkubwa sana akikomaa, hakuna wa kumchanganya. Tatizo ni watoto. Bahati nzuri kuna alama moja rahisi: mtoto wa pudu wa kusini ana madoa meupe yaliyopangika mgongoni, na mtoto wa huemul hana madoa kabisa.

Kumbukumbu isiyo na picha wala sampuli ya makumbusho, na iliyo nje ya eneo linalojulikana, isitumike kupanua mpaka. Iandike kwenye faili lako, basi.

## Hatua ya 4: Pakua kumbukumbu

Ingia GBIF. Tafuta majina yote manne, moja moja: Pudu puda, Pudu mephistophiles, Pudella mephistophiles, Pudella carlae. Usitegemee mfumo ukuunganishie visawe. Mara nyingine unafanya hivyo na mara nyingine hapana.

Chagua zenye koordineti tu. Ondoa visukuku. Kisha omba upakuaji wa aina rahisi. Utapewa DOI, namba ya kudumu ya seti yako. Inakili papo hapo, maana bila hiyo hakuna anayeweza kurudia kazi yako.

Hapa ndipo wengi hukwama kwa jambo dogo mno. Faili linaishia na .csv, lakini ndani limetenganishwa kwa tabo, si kwa mkato. Ukilibofya mara mbili, Excel inaweza kukumwagia kila kitu katika safu moja, au ikageuza -41.47 kuwa tarehe au namba ya maelfu kama kompyuta yako imewekwa kwa nchi inayotumia mkato badala ya nukta ya desimali. Fungua lahajedwali kwanza, kisha ingiza faili kwa njia ya kuleta data, taja tabo kuwa kitenganishi, na taja nukta kuwa alama ya desimali.

Bakiza safu hizi: verbatimScientificName, countryCode, decimalLatitude, decimalLongitude, coordinateUncertaintyInMeters, eventDate na basisOfRecord. Safu ya kwanza ina jina kama mwenye kumbukumbu alivyoliandika mwenyewe, na ndiyo itakayokuonyesha kama "Pudella" iliyo mbele yako ni ya mtafiti au imebadilishwa na mfumo.

Umefaulu ukiona: latitudo zote za Chile na Argentina ni hasi, longitudo zote za Amerika Kusini ni hasi, na hakuna namba iliyopoteza desimali yake.

## Hatua ya 5: Safisha nukta

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ipe muda kuliko hatua nyingine yoyote.

Alama ya kutoa iliyopotea. Chukua mji wa Puerto Montt, katikati ya nchi ya pudu wa kusini: takriban -41.5, -72.9. Ikipotea alama ya latitudo, pudu wako anahamia jimbo la Connecticut, Marekani. Ikipotea ya longitudo, anaelea kusini mwa Bahari ya Hindi. Zikipotea zote mbili, yuko Kirgizistani. Na mtu akibadilishana latitudo na longitudo, pudu anatua kwenye bahari ya Weddell, pwani ya Antaktika. Makosa haya yanarekebishika. Rudisha alama, soma jina la mahali lililoandikwa kwenye kumbukumbu, na kama vinakubaliana, ibakize. Usifute haraka.

Sifuri na sifuri. Nukta ya 0, 0 iko Ghuba ya Guinea, magharibi mwa Afrika. Hiyo ni kumbukumbu isiyo na koordineti iliyojazwa sifuri na mashine. Itoe.

Miji mikuu na vitovu vya nchi. Sampuli ya makumbusho iliyoandikwa "Chile" bila zaidi huwekewa koordineti za Santiago au za katikati ya nchi. Santiago iko latitudo 33 na nusu kusini, yaani kaskazini zaidi ya mpaka wa kaskazini wa pudu. Vivyo hivyo ngozi iliyoandikwa "Quito" haina maana kwamba mnyama aliuawa Quito. Nukta zinazorundikana mahali pamoja pa mjini, kwa miaka tofauti, zitoe zote.

Bustani za wanyama. Pudu wa kusini wanafugwa na kuzaliana katika bustani za Ulaya na Marekani, na wageni hupiga picha na kuzipandisha. Chochote nje ya Amerika Kusini, baada ya kuhakikisha si kosa la alama, ni cha kutoa. Lakini zipo bustani na vituo vya kuokoa wanyama ndani ya Chile pia, na hizo hazijitangazi kwa nchi. Soma maelezo ya picha. Uzio ukionekana nyuma, umepata jibu.

Koordineti zilizofichwa makusudi. Hili huwachanganya hata wenye uzoefu. iNaturalist, mtandao ambako watu hupandisha picha za viumbe walivyoviona, huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini kwa kuisogeza nukta bila mpangilio ndani ya mraba wa digrii 0.2 kwa 0.2, takriban kilomita 22 kutoka kaskazini hadi kusini. Pudu anaweza kuonekana yuko baharini au juu ya barafu, na mpiga picha wala hakukosea. Zitambue kwa safu ya coordinateUncertaintyInMeters: ukiona namba ya makumi ya maelfu, ndizo hizo. Zinafaa kuonyesha kwamba yupo mkoani. Hazifai kuchora mpaka wala kupima mwinuko.

Na tafadhali, usijaribu kuwatafuta wapiga picha ili upate mahali halisi na kupachapisha. Ufichaji upo kwa sababu. Mbwa wanaozurura na wawindaji ni tishio la kweli kwa mnyama wa kimo hiki.

Koordineti zilizokatwa. Desimali mbili ni usahihi wa kilomita moja hivi. Namba nzima, kama -41, -73, inaweza kuwa imekosea kwa kilomita 50 na ushee. Zipe alama, usizichanganye na nyingine.

Kumbukumbu za kale. Zisitupwe. Sampuli ya mwaka 1900 inasema pudu alikuwepo. Haisemi kwamba yupo. Zipe umbo lingine, mviringo mtupu badala ya uliojaa, na msomaji ataelewa.

Umefaulu ukiwa na: lahajedwali la nukta chache kuliko ulizopakua, kila moja ikiwa na sababu ya kubaki, na faili la maelezo la zile zilizotoka. Kama hukutoa hata moja, hukusafisha.

## Hatua ya 6: Gawa wa kaskazini kwa bonde la Huancabamba

Safu ya Andes inapofika kati ya kusini mwa Ekuador na kaskazini mwa Peru inainama. Mahali hapo panaitwa bonde la Huancabamba, takriban latitudo 5 hadi 6 kusini. Njia ya Abra de Porculla, iliyomo humo, ina mwinuko wa mita 2,140 hivi tu, ilhali milima ya kaskazini na kusini yake huzidi hapo mbali. Upande wa mashariki mto Marañón umechimba bonde refu, la joto na kavu.

Kwa mnyama anayeishi msitu wa mawingu na nyasi za baridi za juu, bonde kavu ni ukuta. Spishi nyingi za milimani, ndege, vyura na panya, hukomea hapo, upande huu jina moja na upande wa pili jingine. Pudella wamefuata kanuni hiyo hiyo.

Fanya hivi:

1. Fungua QGIS, ingiza rasta ya mwinuko ya eneo kati ya latitudo 3 na 8 kusini.
2. Ipake rangi kwa madaraja: chini ya mita 1,500, kati ya 1,500 na 2,000, juu ya 2,000. Bonde litajichora lenyewe.
3. Ingiza nukta zako kama tabaka la maandishi yaliyotenganishwa, mfumo wa koordineti EPSG:4326.
4. Zilizo kaskazini mwa bonde: Pudella mephistophiles. Zilizo kusini: Pudella carlae, kuanzia milima ya Cajamarca na Amazonas hadi Junín.
5. Zilizo ndani ya bonde, au ambazo kosa lake la koordineti linavuka pande zote mbili: andika Pudella sp. na uziache.

Onyo la kwanza. Amazonas hapa ni mkoa wa Peru. Si msitu wa Amazon wala jimbo la Brazili. Nimeona nukta zikipelekwa Manaus kwa jina hilo tu, na Manaus iko chini ya mita 100 kutoka usawa wa bahari.

Onyo la pili. Usitumie mpaka wa Ekuador na Peru kama kisu. Ni rahisi, kwa kuwa safu ya nchi tayari unayo, na ndiyo maana wengi hufanya hivyo. Lakini kipande cha Peru kilicho kaskazini mwa bonde ni cha mephistophiles, na kwa kisu cha nchi utakuwa umempa carlae asichomiliki.

## Hatua ya 7: Pima mwinuko

Tumia zana ya QGIS iitwayo Sample raster values. Itaongeza safu ya mwinuko kwa kila nukta.

Wa kaskazini hupatikana kwa kawaida kati ya mita 2,000 na 4,000. Wa kusini ni kuanzia usawa wa bahari hadi kama mita 1,700. Nukta ya Pudella yenye mita 300 au ya Pudu puda yenye mita 2,600 inahitaji kuangaliwa tena.

Pima zile tu zenye kosa la kilomita 2 kushuka chini. Andes ina miteremko mikali kiasi kwamba kusogea kilomita 5 kunaweza kukupandisha au kukushusha mita elfu nzima, na hapo utamlaumu pudu kwa kosa la GPS.

## Hatua ya 8: Chora

Kuna zana ya kuzungushia nukta zote kwa poligoni moja ya nje. Usiitumie kwa pudu. Kwa wa kusini italimeza eneo la bahari la Chile upande mmoja na nyika kavu ya Patagonia upande mwingine, ambako hakai. Yeye ni wa misitu ya mvua ya ukanda wa wastani, yenye vichaka vizito vya mianzi ya Chusquea chini ya miti.

Chora kwa mkono, polepole, kwa kufuata haya:

Kusini. Anza karibu latitudo 35 hadi 36 nchini Chile, shuka hadi kama 49. Kaa chini ya mita 1,700. Upande wa Argentina mkanda ni mwembamba, umeshikamana na milima katika mikoa ya Neuquén, Río Negro na Chubut. Hifadhi za Lanín, Nahuel Huapi na Los Alerces zikusaidie kujua uko wapi. Usipitilize kwenda mashariki.

Kisha weka kisiwa cha Chiloé. Nusu ya ramani ninazoziona zinakiacha, ama kwa sababu tabaka la nchi lilikuwa la kipimo kidogo, ama kwa sababu mchoraji hakuamini. Pudu wapo Chiloé, na utafiti wa vinasaba wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wametofautiana na wenzao wa bara. Kukiacha ni kukosa kipande muhimu kuliko vyote.

Na bonde la kati la Chile, lenye mashamba na miji, usilipake rangi moja na milima. Misitu mingi ya hapo ilikatwa zamani, pudu wamebaki zaidi pembeni, safu ya pwani na miteremko ya Andes.

Kaskazini. Usitarajie mkanda. Utapata vipande: Cordillera ya Kati ya Kolombia, ikiwemo Hifadhi ya Puracé, kisha milima ya Ekuador, kisha bonde, kisha carlae. Viache vipande vibaki vipande. Kuviunganisha kwa sababu vinaonekana vichafu ni kumdanganya msomaji.

Katikati. Kutoka Junín hadi mpaka wa kaskazini wa Pudu puda ni zaidi ya kilomita 2,500 bila pudu yeyote. Sehemu hiyo inabaki nyeupe. Ramani sahihi ya pudu ina tundu kubwa, na hilo tundu ndilo linaloonyesha kwamba mchoraji anajua anachofanya.

Makadirio ya ramani. Ukitaka kulinganisha ukubwa wa maeneo, usitumie Mercator ya ramani za mtandaoni. Kwenye latitudo 45, Mercator inavimbisha eneo mara mbili ukilinganisha na ikweta, kwa hiyo pudu wa Chile ataonekana ana nchi kubwa kupindukia mbele ya yule wa Ekuador. Badili mradi uwe South America Albers Equal Area, ESRI:102033.

Tumia rangi tatu zinazotofautika hata zikichapishwa nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani pamoja, hapana. Wasomaji wengine hawazitofautishi.

## Hatua ya 9: Andika maelezo yanayolingana na ramani

Makala nyingi huwa na ramani nzuri na aya ya zamani chini yake. Mfano wa aya inayokubaliana na kazi yako:

*Pudu wa kusini (Pudu puda) ni ayala mdogo wa familia Cervidae, nusufamilia Capreolinae. Anaishi katika misitu ya mvua ya kusini mwa Chile, kikiwemo kisiwa cha Chiloé, na katika ukanda mwembamba wa milima magharibi mwa Argentina, kuanzia usawa wa bahari hadi takriban mita 1,700.*

Kwa wale wawili wa kaskazini andika aya mbili, na utaje mwaka 2024 kama mwaka wa mgawanyo, ili msomaji mwenye kitabu cha zamani aelewe kwa nini hakioani na chako.

Kuhusu hali ya uhifadhi, kuwa mwangalifu. Pudu puda yuko kwenye kundi la "karibu na hatari" la IUCN na Kiambatisho I cha CITES. Pudu mephistophiles ya zamani imewekwa "data haitoshi" na Kiambatisho II. Tathmini hiyo ya IUCN ilifanywa wakati pudu wa Peru wakihesabiwa pamoja naye, kwa hiyo usiinakili kwa Pudella carlae kana kwamba alitathminiwa yeye mwenyewe. Andika: "ilitathminiwa kabla ya mgawanyo".

Taja DOI ya GBIF chini ya ramani na tarehe ya kupakua. Kumbukumbu huongezeka na majina hurekebishwa, kwa hiyo mtu atakayepakua mwakani atapata seti tofauti na yako, na tarehe ndiyo itakayomaliza ubishi.

Zile nukta za Pudella sp. zilizobaki bila jina zihifadhi kwenye folda hiyo hiyo, katika tabaka lake. Usizionyeshe kwenye ramani ya makala, na usizifute. Siku itakapochunguzwa sampuli kutoka mabonde ya pale kati, utarudi kwenye hizo tu, na ramani nyingine yote haitaguswa.